Nuru Itoke Upande Gani?

Katika Kiswahili, mwanga ni nuru, na mwanga pia ni mchawi, yule atembeaye usiku na kukimbia macho ya watu. Yumkini ni sadfa ya sauti tu kwamba maneno hayo mawili yamekaa kinywani kwa matamshi mamoja. Hata hivyo, sadfa hiyo ina funzo kwa kila achoraye watu, kwani mwanga unaomfichua mtu waweza pia kumroga: ukambadilisha mbele ya mtazamaji, naye akaondoka akidhani amemwona.

Zamani mchoraji aliyeketi mbele ya mtu hai alikuta jua liko mahali pake. Akitaka kulibadili alihamisha kiti au alifunga dirisha. Mchoraji wa kompyuta hana jua. Kioo kilicho mbele yake ni kitupu, na kila mwali utakaomgusa mtu wake atauweka kwa mkono wake: kwanza mwanga mkuu, unaoamua uso ugeukie wapi, kisha mwanga hafifu wa kupunguza kiza cha shavu la pili, kisha ukanda mwembamba nyuma ya bega, unaoutenga mwili na mandhari. Kila mmoja huupa tabaka lake, akauwasha na kuuzima apendavyo. Mpiga picha aweza kujitetea kwa kusema kuwa jua ndivyo lilivyokuwa siku ile. Mchoraji huyu hana wa kumsingizia. Basi aliyepewa uwezo wa kuumba jua ana wajibu gani kwa yule anayemmulika?

Pahala pa kulipima swali hili ni Songea. Mji huo umechukua jina la Nduna Songea Mbano, mmoja wa viongozi wa Wangoni walionyongwa na Wajerumani mwaka 1906, katika Vita vya Maji Maji vilivyopiganwa tangu 1905 hadi 1907. Katika Makumbusho ya Maji Maji, eneo la Mahenge, wanakumbukwa mashujaa 67, na kila ifikapo tarehe 27 Februari watu hukusanyika kuwaenzi. Kijana wa Songea mwenye kompyuta na programu ya bure kama Krita, akitaka kuwachora mashujaa hao kwa ajili ya kitabu cha watoto au bango la kumbukumbu, atakutana na swali la nuru kabla hata hajalijibu swali la sura.

Yaliyo karibu ya kuigwa ni mapicha ya mateka wa vita hivyo, waliofungwa minyororo shingoni. Lakini mapicha hayo yana upande wake. Kanuni ya wapiga picha wa kale ilikuwa kulipa jua kisogo, ili limwangukie anayepigwa. Aliyeshika mashine alikuwa na starehe ya macho. Aliyefungwa alipigwa na jua usoni, akakunja kipaji na kubana kope. Mtazamaji wa leo huuona mkunjo ule akasema: huyu alikuwa mkali, huyu alikuwa na chuki. Kumbe huenda aliumia macho tu. Anayeinakili picha ile pamoja na nuru yake amekubali, bila kujua, kusimama pale aliposimama aliyemfunga.

Kijana aweza kuikimbia picha akachagua jua la mchana wa Songea, kwa hoja kwamba hilo ni jua la nyumbani. Hilo nalo lina hatari yake. Jua la utosini huumulika mfupa wa paji, hulijaza giza shimo la jicho, huchora kivuli kirefu chini ya pua na huyafukua mashavu. Uso hugeuka fuvu. Kwa mtu mwingine hiyo ingekuwa kasoro ya ufundi tu. Kwa Songea Mbano ni jambo zito. Tarehe 1 Novemba 2023, Rais wa Ujerumani Frank-Walter Steinmeier alifika Songea, akaomba radhi, na akakutana na watu wa ukoo wake, ambao wanalitafuta fuvu la babu yao linaloaminika kupelekwa Ujerumani. Mtu ambaye wengine walimfanya kuwa mfupa, hastahili kufanywa mfupa mara ya pili na mjukuu wa nchi yake.

Kosa la tatu ndilo lienealo zaidi, nalo ni kuidhania nuru kuwa ni weupe. Mchoraji mchanga, akitaka uso mweusi uonekane, huchanganya rangi ya ngozi na nyeupe, na uso hutoka wa kijivu kana kwamba umepakwa jivu. Si yeye peke yake aliyepotea njia hiyo. Kwa miongo kadhaa kampuni ya Kodak ilisambaza kwa wasafisha picha kadi za kupimia rangi zenye sura ya mwanamke wa Kizungu, na filamu ikasawazishwa kwa ngozi yake. Ngozi nyeusi haing'ai kwa kuchujuka. Huunyonya mwanga mwingi, na ule unaouteleza juu yake huonekana kama mng'ao ulio na rangi ya chanzo chake: samawati ya anga juu ya paji, manjano ya moto kwenye shavu, wekundu wa udongo chini ya kidevu. Kivulini rangi yake hukolea ikaelekea kahawia nzito au zambarau. Anayejua hayo hana haja ya kumpausha mtu ili aonekane. Humwekea kitu cha kuakisi, na weusi wenyewe hufanya kazi iliyobaki.

Watakuwapo watakaosema: shujaa ni shujaa, apewe nuru ya dhahabu nyuma ya kichwa, na uso usio na kovu, ili watoto wajivune. Hoja hii haidharauliki, kwa kuwa waliodhalilishwa wanahitaji utukufu. Lakini utukufu nao waweza kufuta. Miongoni mwa walionyongwa anatajwa Nduna Mkomanile, kiongozi mwanamke. Desturi ya kuwachora wanawake kwa nuru laini isiyo na pembe, ikichanganywa na brashi ya kompyuta inayolainisha kila kitu, itamtoa kama msichana wa tangazo la sabuni. Hapo mtoto atajivunia uzuri, wala hatajua kwamba palikuwa na mtu mzima aliyepima hatari na akachagua. Shujaa aliyegeuzwa taa hana tena jambo la kuogopa, na asiye na la kuogopa hana ushujaa.

Basi nuru itoke wapi? Jawabu lianzie kwenye methali isemayo kwamba uso umeumbwa na haya. Uso uliomulikwa pande zote hauna pa kuweka haya yake. Ni uso wa mtuhumiwa mbele ya taa ya mpelelezi. Na kivuli katika Kiswahili si giza la kutisha. Ni mahali pa kupumzika chini ya mwembe, na kumpa mtu kivuli ni kumkirimu. Rembrandt, Mholanzi wa karne ya 17, aliyeacha sehemu kubwa ya nyuso zake gizani, alifahamu kwamba upande usioonekana ndio unaomfanya mtazamaji akae kimya. Kwa mashujaa wa Songea kivuli kina kazi moja zaidi, nayo ni uaminifu. Sehemu ya sura isiyojulikana haifai kubuniwa kwa ukamilifu wa nywele na vinyweleo, kisha ikapitishwa kama ushahidi. Ikae kivulini, ili mtazamaji ajue kwamba hapo mchoraji alifika mwisho wa elimu yake akasimama.

Nao upande ulio na nuru, nuru yake itoke pale walipokuwa wamesimama waliompenda mtu huyo. Iwe ya asubuhi barazani, ifikapo uso kwa upole na kumruhusu kufumbua macho yote mawili. Au ya moto wa jioni, iliyo chini kidogo na kando, inayoonyesha mtu anayesikiliza. Mchoraji akiiweka hivyo, anayekuja kutazama hujikuta ameketi upande wa ndugu, kwa sababu hakuna pengine pa kuuonea uso ule vizuri. Hiyo ndiyo haki iliyo ndani ya uwezo wa mchoraji. Fuvu hawezi kulirudisha, wala minyororo hawezi kuifanya isiwepo. Lakini aweza kuliondoa jua machoni mwa mateka, akalihamisha hata likamsumbua aliyemfunga.