Nani Anampimia Buibui Nyumba?

Ukimwongezea mfungwa nafasi, umemtendea wema au umejitendea wewe? Swali hili nimetembea nalo wiki mbili sasa, na aliyenitwika ni buibui.

Binamu yangu anaishi Hamburg. Mwaka jana alinunua tarantula mchanga, kabuibui ambako hata miguu ikitandazwa hakafiki sentimita 3. Kanaishi kwenye kikopo cha plastiki. Juzi akanitumia ujumbe wa sauti: amenunua sanduku la kioo, sentimita 30 kila upande, na anataka kumhamisha. "Namwonea huruma, kaka. Kikopo chenyewe hata mimi kinanibana nikikitazama tu. Wewe mtoto wa Chara, umekua na wadudu. Waonaje?"

Kwanza nilicheka. Kwetu Chara buibui mkubwa akijitokeza mlangoni haulizwi kama nyumba inamtosha. Anakutana na champali. Lakini dada ameniuliza kwa moyo safi, basi nikakaa na simu nikasoma.

Buibui wake kitaalamu anaitwa Pterinochilus murinus, jina alilopewa na Mwingereza R. I. Pocock mwaka 1897. Asili yake ni Afrika, Kenya ikiwemo, na wafugaji wa Ulaya na Marekani mara nyingi humuuza kwa jina la Mombasa. Huyu wa dada alizalishwa Ujerumani. Mombasa anaijua kwa jina tu, kama watoto wetu wengi waliozaliwa ughaibuni.

Porini maisha yake ni shimo, au pango dogo alilolizungushia utando. Ana macho 8, lakini hayamsaidii sana. Dunia anaisoma kwa miguu: mdudu akipita, utando unatetemeka, naye anajua ni chakula au ni adui. Ndiyo maana wafugaji wazoefu wanaonya kuhusu jambo ambalo mimi na dada tusingelifikiria. Ukimtia buibui mchanga kwenye sanduku kubwa kupita kiasi, nyenje unayemtupia anapotelea kona ya mbali, na buibui anabaki na njaa ndani ya jumba. Kimo nacho ni hatari. Buibui huyu akishanenepa, akipanda ukuta wa kioo akaanguka, tumbo linaweza kupasuka. Kwa hiyo wanashauri apandishwe kidato kwa kidato, kila nyumba iwe na upana wa kama mara 3 au 4 ya urefu wa miguu yake, na udongo uwe wa kina.

Kumhamisha kwenyewe kuna adabu yake. Humgusi akikaribia kujivua gamba, wala akiwa ametoka kujivua, kwa sababu mwili na meno bado ni laini. Unasubiri. Siku ikifika, unamsukuma taratibu kwa brashi mpaka aingie kikombeni, na humshiki kwa mkono, manake huyu ana mbio na sumu yake inauma vibaya. Kisha kwenye nyumba mpya unamtangulizia kipande cha gome lenye utando wake wa zamani, akifika akute kitu anachokijua.

Nilipomwambia dada haya alinyamaza kidogo. Halafu akasema, "Kumbe nilikuwa nampimia kwa macho yangu." Sikuwa na la kuongeza. Huruma yake ilikuwa ya kweli, ila ilikuwa huruma ya mtu anayeishi chumba kimoja cha ghorofani, na kila akikitazama kikopo anajiona yeye ndani yake. Wahenga walishasema nyumba njema si mlango. Sanduku la kioo ni mlango mzuri sana, kwa anayelitazama kutoka nje.

Kosa hili tunalifanya hata kwa wanyama wakubwa. Mwaka 2018, Kenya ilihamisha vifaru weusi 11 kutoka Nairobi na Nakuru hadi hifadhi mpya ndani ya Tsavo Mashariki. Nafasi ilikuwepo, tena kubwa. Wote 11 walikufa. Uchunguzi ulionyesha kwamba maji ya pale yalikuwa na chumvi nyingi kuliko waliyozoea. Walivyokunywa ndivyo kiu ilivyozidi, na ndivyo walivyozidi kunywa. Kifaru wa mwisho, akiwa ameshadhoofika, alivamiwa na simba. Waliopanga safari ile walitaka vifaru waongezeke. Ubaya wa nia haukuwepo. Kilichokosekana ni kulitazama eneo lile kwa mdomo wa kifaru.

Hapa lakini kuna mtego, na mimi kama mtu wa Tana River nauogopa zaidi ya wote. Ukishakubali kwamba kidogo kinaweza kutosha, atatokea mtu aseme: basi mwacheni kwenye kikopo, si amezoea? Neno hilo "wamezoea" nimelisikia maisha yangu yote. Mto ulipofurika Novemba 2023, na tena Aprili 2024, kuna watu walitutazama kwenye habari wakasema watu wa delta wamezoea maji. Yaani kwa vile hatujafa, basi tumeridhika.

Buibui mwenyewe anaipinga hoja hiyo. Hakai mtoto milele. Kila akijivua gamba anatoka mkubwa zaidi, na inafika siku kikopo kilichokuwa usalama wake kinageuka kuwa kifungo. Utulivu wake haukuambii kitu. Anayeridhika ametulia, na aliyekata tamaa naye ametulia. Kwa hiyo si kweli kwamba kikubwa ni chema, wala si kweli kwamba kidogo kinatosha kwa sababu hakuna anayelalamika. Kipimo kinatoka kwenye maisha ya anayehamishwa: anakula vipi, anajificha wapi, amefikia umri gani, anakua kuelekea wapi.

Mimi nilitoka Chara nikaingia chuo kikuu, ukumbi wa mihadhara wa watu mia kadhaa. Kila mtu aliniambia nimefunguliwa dunia. Na kweli ilikuwa dunia. Ila hakukuwa na uzi hata mmoja uliotetemeka nikautambua. Mwaka wa pili niliondoka, na sasa naishi kwa kuandika. Simlaumu mtu, na wenzangu wengi walistawi palepale. Nasema tu kwamba ukubwa wa ukumbi haukuwa jibu la swali langu.

Kuna atakayesema tunazunguka mbuyu, kwamba uovu ni kumfungia kiumbe, na kujadili vipimo vya sanduku ni kuremba gereza. Ana hoja. Mei 2025, mahakama ya uwanja wa ndege wa JKIA iliwatoza faini ya shilingi milioni 1 kila mmoja watu wanne kwa biashara ya chungu wa Kenya, wawili kati yao vijana wa Kibelgiji waliokamatwa na malkia wa chungu kama 5,000 wamefungiwa kwenye vijichupa, tayari kwa soko la wafugaji. Kinachochimbwa kwenye udongo wetu ni uhai, hata kiwe kidogo kiasi gani. Lakini buibui wa Hamburg ameshazaliwa kizimbani. Ukimwachia huko, baridi itamuua. Mlango wa kurudi nyumbani haupo. Jike anaweza kuishi zaidi ya miaka 10, na kwa miaka yote hiyo aliyemfungia ana deni. Deni lenyewe halilipwi kwa kioo kikubwa. Linalipwa kwa kumjua.

Na buibui haulizwi. Hata ukimjua vipi, mwishoni unakisia, ukishika brashi na kikombe chako kwa uangalifu. Binadamu anaulizwa. Maji yakija tena, tutaambiwa tuhamie nyanda za juu, na huenda ni kweli tunapaswa kuhama. Mafuriko si ya kubishana nayo. Lakini mkulima atauliza shamba la mpunga litabaki umbali gani, mfugaji atauliza ng'ombe watanyweshwa wapi, na nyanya yangu atauliza jirani yake anapelekwa upande gani. Majibu wanayo wao, na yote hayo yanajulikana kabla lori halijafika. Anayetupimia viwanja bila kutuuliza hana hata udhuru alionao dada yangu wa Hamburg.