Shule ni ya Nani?

Ukiuliza shule ya msingi ni mali ya nani, majibu huja upesi: ya serikali, ya kijiji, ya wazazi waliobeba mawe siku za msaragambo. Kila jibu lina haki yake na hakuna linalotosha. Serikali inaajiri walimu, kijiji kilitoa ardhi, wazazi walitoa jasho. Lakini mtoto atakayeingia darasa la kwanza miaka 30 ijayo hajachangia hata tofali moja, na shule ni yake sawasawa na hao wote. Basi sisi tuliopo leo tumeshikishwa amana tu.

Jambo hili linapata uzito pale shule jirani zinapofikiria kuungana. Tazama Kileo, kata ya tambarare wilayani Mwanga, chini ya milima ya Upare Kaskazini. Kwa miaka mingi watu wameshuka kutoka milimani kufuata barabara, mashamba na biashara, na watoto wameshuka nao, wakiacha shule za mlimani na wanafunzi wachache. Katika mpango wa elimu bila ada ulioanza 2016, ruzuku ya uendeshaji imepangwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na sehemu yake hubaki juu kwa ajili ya vitabu. Kwa hesabu hiyo shule ya watoto 900 inapangiwa 9,000,000, na ya watoto 150 inapangiwa 1,500,000. Lakini mlinzi halipwi kwa idadi ya watoto, na bati lililong'olewa na upepo lina bei ile ile mlimani na tambarare. Shule ikikosa karatasi, mwalimu huandika maswali ya jaribio ubaoni, na mtoto anatumia nusu ya muda wake kunakili kabla hajajibu swali la kwanza.

Kuungana kwa shule jirani ili kugawana mzigo huo, Uingereza wamekujaribu. Kuanzia 2008 shule za umma zilianza kuunda amana za ushirika: kila shule ilibaki na jina lake na bodi yake, huku wazazi, walimu, wanafunzi na majirani wakiwa wanachama wenye sauti, kwa kanuni zinazorudi hadi kwa wanaushirika wa Rochdale wa 1844. Huko Cornwall shule ndogo za vijijini ziliungana hivyo.

Pingamizi dhidi ya mali ya pamoja ni la zamani. Aristotle aliona kwamba kitu cha wengi hupata matunzo haba, na mwaka 1968 mwanaikolojia Garrett Hardin akalirudia kwa ukali zaidi. Mtafiti Elinor Ostrom aliwajibu mwaka 1990 kwa kuonyesha jamii ambazo zimetunza mali ya pamoja kwa vizazi. Mpare hahitaji kwenda mbali kupata ushahidi. Ndiva, bwawa la jadi la umwagiliaji, hujaa maji usiku, hufunguliwa mchana, na maji huenda shamba kwa shamba kwa zamu. Asiyefika kuzoa tope hutozwa faini. Imedumu kwa sababu zamu inajulikana na kila mtu anaiona.

Hapo ndipo shule zinapokuwa ngumu kuliko maji. Saa za mwalimu wa hisabati anayezunguka shule tatu hazionekani kama maji mferejini. Shule yenye matokeo mazuri itaogopa kushushwa na jirani yake, na siidharau hofu hiyo, maana mzazi ana mtoto mmoja wa darasa la saba mwaka huu na hana muda wa kusubiri haki itimie. Hata hivyo, kama shule ni amana, ubora wake pia ni amana. Kamati inayoulinda kwa kumfungia jirani mlango inajimilikisha kisicho chake.

Ila hoja hiyo haimpi mtu yeyote ruhusa ya kuwaunganisha watu kwa amri. Mwaka 1945 maelfu ya Wapare walifunga safari hadi Same kuikataa mbiru, kodi iliyopimwa kwa mali ya mtu. Kulipa walikuwa tayari. Walichokataa ni mtu mwingine kuwakadiria bila kuwauliza. Na mwaka 1976 serikali huru ilivunja vyama vikuu vya ushirika nchi nzima, ikalazimika kuvirudisha kwa sheria ya 1982. Kwangu mimi matukio haya mawili yanasema jambo moja: mchango usio na ridhaa ni kodi, hata ukiitwa ushirika.

Kwa hiyo shule zikiungana, ndogo lazima iwe na kura sawa na kubwa, ingawa imeleta kidogo. Hili litawaudhi wenye vingi. Lakini kura ikifuata mchango, shule ya watoto 150 itakuwa imehama tu kutoka unyonge wa peke yake kwenda unyonge wa kusimamiwa na jirani.

Kamati za shule za Kileo na majirani zao wa mlimani zisisubiri waraka. Zianze na mashine moja ya kurudufu mitihani. Na kabla shilingi ya kwanza haijachangwa, ziandike na kusoma mbele ya mkutano wa wazazi: nani anaitunza, zamu ya nani inaanza, na shule ikitaka kujitoa inaondoka na nini.