Siha Yetu na Jani la Mbeere



Mwezi wa Mei 2024 Gavana wa Mombasa alipiga marufuku muguka, jani litokalo Mbeere katika kaunti ya Embu. Kilifi na Taita Taveta wakafuata. Haukupita mwezi, Mahakama Kuu ya Embu ikaisimamisha amri hiyo, na biashara ikaendelea. Sisi hatuwalaumu watu wa Embu, wala jirani zao wa Meru wapandao miraa. Wao wauza, sisi ndio tununuao.

Twajua kwamba jani hili huondoa usingizi, huupigisha moyo mbio, hukata hamu ya chakula na kupandisha shinikizo la damu. Mtafunaji akiugua, twamkimbiza hospitali. Na matibabu leo ni ghali. Tokea Oktoba 2024 mwenye mshahara hukatwa shilingi 2.75 katika kila mia kwa ajili ya bima ya afya, na mara nyingi dawa bado hununuliwa kwa fedha ya mfukoni. Basi twalipa mara mbili: kwanza kuununua ugonjwa, kisha kuuondoa.

Mtume wetu (s.a.w.) alituusia tuithamini siha kabla hatujafikiwa na maradhi. Amri ya Gavana yaweza kusimamishwa na hakimu. Bali amri ya mtu juu ya nafsi yake, ni nani wa kuisimamisha? Na tuanze majumbani mwetu: fedha ya jani iwe ya samaki na matunda ya watoto.

Mwenyezi Mungu atupe taufiki. Amin.