Kuficha na Kusitiri

Je, mtu anayeficha jina lake anaweza kuwa anasema ukweli? Nilidhani hilo ni swali la darasani tu, hadi binamu yangu aliponiomba nimsaidie kutafuta kikao cha watu wanaoacha pombe hapa Nairobi. Aliniomba mambo mawili: nimsindikize hadi mlangoni, na nisimwambie mama yake. La kwanza lilikuwa rahisi. La pili ndilo lililoninyima usingizi.

Baa haitafutwi. Ina kibao, ina taa, ina muziki unaousikia ukiwa bado stendi. Ile sheria ya mwaka 2010 tuliyozoea kuiita Sheria ya Mututho iliziwekea baa saa za kufungua, kuanzia saa 11 jioni siku za kazi, lakini haikuzificha. Kikao je? Huwa kwenye chumba cha kuazima, pengine nyuma ya kanisa, na nje hakuna tangazo. Tena si kila kikao ni cha kila mtu. Kuna vya wazi, ambavyo hata ndugu anaweza kuingia, na kuna vya wenyewe tu. Chetu kilikuwa cha wenyewe, basi mimi nikabaki nje.

Usiri huu haukuanza jana. Mwaka 1935, mfanyabiashara wa New York, Bill Wilson, alikwama kwenye hoteli moja mjini Akron, Ohio. Biashara imeharibika, ana miezi kadhaa tu tangu aache pombe, na kelele za baa anazisikia. Alikwenda kwenye simu. Alipiga kwa viongozi wa makanisa akitafuta mlevi mwenzake wa kuzungumza naye, hadi akaunganishwa na daktari wa upasuaji, Bob Smith. Mkutano wa hao wawili ndio uliozaa Alcoholics Anonymous, chama ambacho jina lake lenyewe linasema kwamba walevi wake hawatajwi. Sharti la kujiunga ni moja tu: uwe unataka kuacha.

Sasa, Waswahili husema mficha maradhi kifo humuumbua. Kwa methali hiyo, hawa wote wanajidanganya. Lakini lugha yetu ina neno lingine kando ya kuficha, nalo ni kusitiri. Anayeficha ugonjwa anataka usijulikane popote, hata kwa tabibu. Anayesitiriwa ameshauonyesha mahali panapostahili, na sisi wengine tunamwekea nguo. Binamu yangu akiwa baa, kila mtu alijua jina lake, na hakuna aliyejua hali yake. Kwenye kile chumba wanajua jina moja tu, tena la kwanza, lakini wanajua kila kitu. Wapi alikuwa mkweli zaidi?

Jibu lingekuwa tamu kama lingeishia hapo. Haliishii. Wapenzi wa fasihi mnamkumbuka Zakaria, baba yake Rosa katika Rosa Mistika ya Kezilahabi. Ulevi wake hauumizi tumbo lake peke yake, unaumiza nyumba nzima. Ndivyo ilivyo kwetu. Binamu yangu aliwahi kuuza cherehani ya mama yake, mashine iliyomlipia karo. Je, mama huyo naye ni mtu wa nje, wa kufungiwa mlango kama jirani mmbea?

Siku moja shangazi akanipigia. “Mwanangu, huyu ndugu yako siku hizi kuna jioni hapatikani kabisa. Ni mwanamke, au ni chupa tena?”

Nikamwambia, “Shangazi, najua anakokwenda, na si kubaya. Lakini habari hiyo ni yake. Atakuambia mwenyewe.”

Akanyamaza, kisha akasema, “Haya.” Ile haya ilikuwa nzito.

Sikumdanganya, na hilo nalishikilia. Kunyamaza si kusema uongo, mradi aliyeuliza ajue kwamba umenyamaza. Ila nadhani kimya changu kina mwisho wake. Katika zile hatua 12 wanazozifuata, ya 8 ni kuwaorodhesha watu uliowadhuru, na ya 9 ni kwenda kurekebisha kwao pale inapowezekana bila kuwaumiza zaidi. Yaani hata chama chenyewe kilichoweka usiri hakikukusudia aliyedhulumiwa abaki gizani daima. Sitara ni dhidi ya mitaa, dhidi ya mwajiri mwenye ulimi, dhidi ya sisi tunaopenda kunyoosheana vidole. Haikutolewa dhidi ya mwenye cherehani.

Nimemwambia binamu hivyo. Akasema bado hajafika hatua hiyo, na sikumsukuma, kwa sababu msamaha unaoombwa kwa kusukumwa ni deni jipya. Hadi ninapoandika haya, kwa ruhusa yake, shangazi hajaambiwa.

Kwa hiyo nimejiwekea kipimo hiki. Ukiombwa kutunza siri ya mtu anayepona, uliza kimya chako kinamsaidia kufanya nini. Kama kinamsaidia kurudi kikaoni wiki ijayo, nyamaza, hata kama anayekuuliza ni shangazi. Siku kikianza kumsaidia asiende kwa aliyemkosea, hiyo si sitara tena. Shida ni kwamba kutoka nje ya mlango, siku hizo mbili zinafanana sana.