Amana ya Santuri

Mwaka 1980 watu wengi wa Arua walikimbilia Zaire na Sudani. Tuseme mmoja wao, mkazi wa Mvara, alimwachia jirani yake santuri za roki. Je, mlinzi huyo ana haki ya kuzipiga?

Ng'ombe wa amana hukamuliwa, maana asipokamuliwa huugua kiwele. Lakini sindano huila mifereji ya santuri kila ipitapo. Msikilizaji hula mali ya mwenziwe kwa sikio. Basi wajibu wake ni kuzisimamisha wima, kuzishika ukingoni, na kuziepusha na jua lisizipinde. Akiutamani wimbo, na anunue santuri yake. Huenda mwenye mali asirudi; hata hivyo, ndugu walimu, ukimya huo ndio uaminifu.