Vyungu Vidogo vya Upemba

Reli ya kutoka Lubumbashi ilifika Bukama mwaka 1918, na kwa miaka kumi mji huo mdogo wa Haut-Lomami, nchini Kongo, ukawa mahali ambapo chuma kiliishia na maji yakaanza. Mizigo ilishushwa kwenye mabehewa, ikapakiwa melini, ikateremka na mto Lualaba kuelekea Kabalo na Kongolo. Mwaka 1928 njia ikakamilika hadi Port-Francqui, yaani Ilebo ya leo, na tangu hapo wasafiri wengi waendao Kamina na Kasai huiona Bukama kupitia dirisha la treni tu.

Wanachokikosa ni bonde. Kusini kumeinuka uwanda wa Biano, upande mmoja milima ya Hakansson, upande wa pili Kibara: nchi za juu, baridi, zenye nyasi fupi ambazo kiangazi huzigeuza rangi ya majani makavu. Chini yake, katika bonde la Upemba, ni maji matupu na mafunjo. Lualaba hutawanyika, huzaa maziwa ya Upemba na Kisale na mengine mengi madogo, hupanda na kushuka kwa majira. Katika nchi ya namna hiyo ardhi kavu ni mali. Kila kituta kisichofikiwa na mafuriko kina kijiji, kilikuwa na kijiji kabla ya hicho, na kingine kabla ya hicho tena. Walio hai wanapika na kulala juu ya waliokufa kwa sababu hawana pengine pa kukaa, wala waliokufa hawakuwa na pengine pa kulazwa.

Hivyo ndivyo bonde hili lilivyokuja kuwa moja ya hazina kubwa za akiolojia barani Afrika. Mwaka 1957 Jacques Nenquin alichimba Sanga, ufukweni mwa ziwa Kisale. Mwaka uliofuata akaja Jean Hiernaux, ambaye baadaye alichimba pia Katoto, jirani na Bukama. Katika miaka ya 1970 Pierre de Maret alirudi na kupanua kazi hadi Kamilamba, Katongo, Kikulu na Malemba Nkulu. Mamia ya makaburi yalifunguliwa. Yale yaitwayo ya Kisale ni ya karne ya 8 hadi ya 13 hivi. Baada yake yakaja ya Kabambia, yanayofika hadi karne ya 18. Ndani yake kuna vyungu vilivyofinyangwa kwa ustadi wa kushangaza, mikufu ya shaba, majembe, ndoana, simbi za kutoka Bahari ya Hindi, na baadaye misalaba midogo ya shaba iliyotumika kama fedha. (Misalaba hiyo haina uhusiano wowote na Golgotha; ndiyo iliyochorwa kwenye bendera ya Katanga iliyojitenga mwaka 1960.)

Aliyeweka vitu hivyo kaburini aliamini nini? Swali ni jepesi kuuliza, na jibu lililokuwa tayari mezani lilitoka karibu sana. Placide Tempels, padre Mfransisko kutoka Ubelgiji, alifika Kongo mwaka 1933 na kuishi miaka mingi miongoni mwa Waluba wa Katanga. Kitabu chake juu ya falsafa ya Kibantu kilitolewa kwa Kifaransa huko Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka 1945. Hoja yake kuu ni kwamba kwa Mbantu kuwapo ni kuwa na nguvu. Nguvu hiyo ina ngazi: juu kabisa Mungu, kisha mababu waanzilishi wa ukoo, kisha wafu wengine, kisha walio hai kwa kadiri ya umri na cheo, kisha wanyama, mimea na mawe. Nguvu ya mmoja huongeza au hupunguza ya mwingine. Aliyekufa bila kuacha uzao huchukuliwa kuwa amepungukiwa sana, maana hana wa kumtia nguvu kwa kumkumbuka na kumtolea sadaka.

Mtu akiyatazama makaburi ya Upemba kwa miwani ya Tempels, mengine yanajieleza yenyewe. Kamilamba kuna mkubwa aliyezikwa na shoka la heshima na fuawe ya chuma karibu na kichwa chake; karne nyingi baadaye, wafalme wa Waluba walikuwa bado wanasimikwa kwa ibada za mhunzi. Nguvu imemfuata mwenye nguvu.

Lakini watoto je?

Watoto wa Sanga hawakutupwa shimoni wakasahauliwa. Walizikwa kwa vyungu, na kinachosimamisha msomaji wa taarifa za uchimbaji ni kipimo: ukubwa wa vyungu unakwenda na umri wa marehemu. Mtu mzima ana vyungu vya mtu mzima, mtoto ana vidogo. Vingi vinaonekana vilifinyangwa kwa ajili ya kaburi hasa. Ina maana mtu alikaa na udongo, akapima kwa macho mwili wa mtoto fulani, akatengeneza chombo kinachomtosha yeye.

Hapo ngazi ya Tempels inaanza kuyumba. Mtoto hana cheo, hana uzao, hatakuwa babu wa mtu. Kwa hesabu ya nguvu, kumpa mali ni kama kumwaga maji mchangani. Na bado alipewa, pengine kwa uangalifu uleule aliopewa mzee. Mtu anaweza kujitetea kwamba wazazi walitaka mtoto arudi tumboni, au waliogopa kisirani. Huenda. Ila hofu haihitaji chungu kilingane na kimo.

Hata John Mbiti, kasisi wa Kianglikana na mwanafalsafa wa Kenya, haondoi tatizo. Katika kitabu chake cha mwaka 1969 aliugawa wakati wa Waafrika kuwa Sasa na Zamani. Marehemu anayekumbukwa kwa jina na watu waliomjua bado yumo katika Sasa, ni mfu aliye hai. Anapofariki mtu wa mwisho aliyemjua, anazama katika Zamani na kuwa roho isiyo na jina. Kwa kipimo hicho wote wa Sanga wamezama zamani za kale. Na mtoto mchanga, ambaye pengine jina lake lilijulikana na watu wachache tu, alizama upesi kuliko wote. Waliomzika walijua hilo. Kwa nini basi wamfinyangie?

Mwanafalsafa Paulin Hountondji wa Benin angeingilia kati hapa na kuonya. Alimshutumu Tempels na waliomfuata kwa kutunga falsafa ya kabila zima, isiyo na mwandishi wala mbishi, halafu kuwavika watu ambao hawakuulizwa. Onyo lake ni la haki, na linauma zaidi makaburini, kwa kuwa mfu hawezi kukanusha. Kaburi ni tendo. Watu wawili wanaweza kufanya tendo moja kwa imani mbili, au mmoja akalifanya bila imani yoyote, kwa mazoea na kwa uchungu. H. Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi aliona dawa ni kuwatafuta wazee wenye hekima, mmoja mmoja, kwa majina yao, na kuhojiana nao. Oruka huyohuyo aliitwa kutoa ushahidi katika kesi ya maiti ya wakili S. M. Otieno, aliyefariki Desemba 1986. Mjane wake, Wambui, alitaka kumzika Ngong. Ukoo wa Umira Kager ulitaka azikwe Nyalgunga, Siaya. Ukoo ukashinda, na mazishi yakafanyika Mei 1987. Mahakama iliamua nani ana haki juu ya mwili, na ikaona haki hiyo iko kwa ukoo na mila. Mtoto wa Sanga asingekuwa na wa kumwakilisha mbele ya mahakama ile.

Ni rahisi kuishia hapo, kwa kuupenda moyo wa mfinyanzi. Katoto inakataza. Katika makaburi kadhaa ya Katoto mtu mmoja hayuko peke yake: pamoja naye wamelazwa wengine, wanawake na watoto, na maelezo yanayoelekea ni kwamba waliuawa ili wamsindikize mkubwa. Bonde ni lilelile, mto uleule, nyakati zisizoachana sana. Huko Sanga mtoto ni mtu wa kufinyangiwa chombo chake. Huku Katoto mtoto ni chombo cha mtu mwingine.

Nadharia ya nguvu inaielewa Katoto vizuri mno: mdogo anaongeza mkubwa, ngazi imetimia. Sanga ndiyo inayoishinda. Tempels mwenyewe, kwa bahati, hakubaki kwenye kitabu chake. Mwaka 1953 huko Kolwezi, kati ya wafanyakazi wa migodi na wake zao, alianza kikundi cha Jamaa, ambacho mafundisho yake yalizunguka mambo matatu kwa Kiswahili cha Katanga: uzima, uzazi, mapendo. Mawili ya kwanza yalikuwamo kitabuni tangu mwanzo. La tatu halina ngazi ndani yake, na ndilo pekee kati ya matatu linaloweza kutumika bila kulazimishwa kwa mtu aliyefinyanga chungu cha kimo cha mtoto asiye na cheo wala uzao.