Jembe na Ugeni

Wazee walinena: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Basi twadhani ya kuwa kazi ndiyo imtoayo mtu katika ugeni. Je, ni kweli?

Mtazameni fundi wa programu za kompyuta, mtu wa miaka 40, aliyehamia Ujerumani. Jembe alilipata kabla hajafika, maana kibali chake, kiitwacho Kadi ya Buluu, hakitolewi pasipo kazi iliyokwisha kuahidiwa. Kazini husema Kiingereza. Aweza kukaa miaka mingi asijue jina la jirani yake. Hata hivyo sheria ya huko yatufikirisha: mwenye kadi hiyo, akilipa michango ya uzeeni, aweza kupewa ruhusa ya kukaa daima baada ya miezi 27, bali akijua Kijerumani cha kadiri, ni miezi 21. Miezi sita kwa ajili ya ulimi!

Fundi hujibu, “Nimechoka, watoto watajifunza.” Naam, hujifunza upesi. Tulipata kuona mtoto wa miaka tisa akimsomea babaye barua ya mwenye nyumba. Baba, mwenye mshahara mwema, alikuwa akitazama dirishani.